Mkono Mmoja Haulei Mwana

Katika Injili ya Mtakatifu Luka tunasoma kwamba Bikira Maria, alipopata habari ya mimba ya Elisabeti, aliondoka kwa haraka kwenda milimani, akakaa naye kama miezi mitatu. Mara nyingi tunakumbuka salamu za wale wawili na wimbo wa Maria. Ni mara chache tunajiuliza: miezi hiyo yote alifanya nini mle nyumbani? Injili haisemi, lakini kila mama anajua. Mwanamke aliyekwisha kuzeeka, naye ana mimba ya kwanza, anahitaji mtu wa kuchota maji, wa kupika, na wa kusikiliza hofu yake. Maria hakutuma mjumbe na mawaidha. Alikwenda mwenyewe.

Jambo hilo, yaani mwanamke kukaa karibu na mwanamke mwenzake wakati wa kuzaa na kunyonyesha, lina historia yake. Palikuwa na wakati ambapo watu wenye elimu walilidharau, na watoto wengi wakaumia. Tena palikuwa na wanawake wachache, Wakatoliki kama sisi, waliolishika upya wakalirudishia heshima yake. Tunataka kueleza habari hiyo, kwa maana sehemu yake ilitendeka hapa kwetu Kongo.

Desturi ya wazee wetu

Zamani, kabla ya misioni na hospitali kufika, mama wa Kongo hakuachwa azae peke yake. Alikuwa na mama yake mzazi, au mama mkwe, au mkunga wa kijiji aliyejulikana kwa mikono yake myepesi. Mtoto akiisha kuzaliwa, wanawake wa jirani walimletea mzazi kuni, maji na uji. Walimkanda kwa maji ya moto, wakamwonyesha namna ya kumshika mtoto ziwani. Mtoto alinyonya mchana na usiku, kila mara alipotaka, naye mama alimbeba mgongoni popote alipokwenda. Alinyonya miaka miwili, pengine mitatu. Katika kabila nyingi, muda huo mume hakumkaribia mkewe, kwa kuwa watu waliona kwamba mimba inayokuja mbio inamnyang'anya ziwa mtoto aliye mikononi.

Hatusemi kwamba siku hizo zilikuwa paradiso. Akina mama wengi walikufa katika kuzaa. Watoto wengi walikufa kwa homa na kwa kuhara, na dawa nyingine za kienyeji ziliwadhuru. Wengine walipewa maji na uji mapema mno. Walakini mambo mawili wazee wetu waliyajua sana: mzazi ni mtu wa kusaidiwa, na ziwa la mama ndilo uhai wa mtoto.

Chupa ya maziwa inatoka Ulaya

Huko Ulaya mambo yaligeuka katika karne ya 19. Wanawake maskini wa miji mikubwa waliingia kazi katika viwanda, wakaacha watoto wao wachanga nyumbani. Kwa upande wa matajiri, ilikuwa desturi ya zamani kuwapa wanawake wengine watoto wao ili wawanyonyeshe kwa mshahara. Mwaka 1865 mtaalamu wa Ujerumani, Justus von Liebig, alitengeneza chakula cha watoto wachanga kwa maziwa ya ng'ombe, unga wa ngano na kimea. Mwaka 1867 Henri Nestlé, katika mji wa Vevey nchini Uswisi, alianza kuuza unga wake wa maziwa. Watu hao walitaka kuokoa watoto waliokosa maziwa ya mama. Lakini biashara haikai mahali pamoja. Chakula kilichokusudiwa yatima na wagonjwa kikaanza kuuzwa hata kwa mama mwenye maziwa tele.

Zamani hizo maziwa ya chupa yalikuwa hatari kubwa. Yalichacha upesi, chupa zenyewe zilikuwa chafu, na watoto wa maskini walikufa kwa kuhara, hasa miezi ya joto. Kwa hiyo mwaka 1894 mganga Mfaransa, Léon Dufour, alifungua katika mji wa Fécamp nyumba iliyoitwa Tone la Maziwa. Mama alishauriwa kwanza anyonyeshe mwenyewe. Asiyeweza alipewa maziwa safi yaliyopitishwa motoni, na mtoto wake alipimwa uzito mara kwa mara. Kazi hiyo ilikuwa njema. Ilienea Ufaransa na Ubelgiji, na kutoka Ubelgiji ikasafiri mpaka Kongo.

Tone la Maziwa katika Kongo

Wakati ule Wabelgiji walikuwa na hofu. Ugonjwa wa malale, kazi ya kulazimishwa ya kuchuma mpira, uchukuzi wa mizigo na njaa vilikuwa vimeua watu wengi mno. Vijiji vingi vilikuwa na watoto wachache. Wakubwa wakaanza kuulizana: nchi hii itakuwaje, ikiwa watu wanazidi kupungua?

Mwaka 1912 kilianzishwa chama cha kulinda watoto weusi wa Kongo. Baada ya vita ya 1914-1918, nyumba za Tone la Maziwa zilifunguliwa katika miji. Masista pamoja na wake wa Wazungu walifanya kazi humo: walipima watoto, wakawaosha, wakagawa sabuni, nguo na maziwa. Huko Katanga kampuni ya Union Minière, tangu miaka ya 1920, ilitaka mfanyakazi akae kampini pamoja na mkewe na watoto wake, badala ya kuja peke yake kwa miezi michache na kurudi kwao. Kwa hiyo ikajenga materniti na mahali pa kupimia watoto. Mwaka 1930 Wabelgiji walianzisha FOREAMI, mfuko wenye jina la Malkia Elisabeth, kwa ajili ya matibabu ya watu wa vijijini.

Tuseme haki: kazi hiyo iliokoa watu. Masista wakunga walikesha usiku kwa usiku na wazazi wenye shida. Watoto ambao wangalikufa kwa malaria walipona. Wasichana wa Kongo walifundishwa ukunga, nao wakawafundisha wengine, na wajukuu wao wangali wakifanya kazi hiyo katika zahanati zetu.

Walakini ndani ya kazi hiyo lilikuwamo kosa kubwa. Wakubwa wengi wa serikali na wa makampuni waliitazama desturi ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu kama adui. Walisema hivi: mama anayenyonyesha muda mrefu hachukui mimba upesi, basi mtoto akiachishwa ziwa mapema, akapewa maziwa ya ng'ombe, watazaliwa watoto wengi zaidi, na kesho tutapata wafanyakazi wengi. Wengine waliongeza sababu ya dini: mume anayekaa mbali na mkewe miaka miwili atatafuta mwanamke mwingine, na ndoa ya wake wengi haitakwisha. Neno hilo la ndoa lilikuwa na ukweli wake. Lakini aliyelipa deni alikuwa mtoto mchanga, ambaye hakuulizwa shauri. Tena bibi wa kijiji, aliyejua kunyonyesha kuliko wote, aliambiwa anyamaze kwa kuwa hana diploma. Mama kijana akajifunza kwamba elimu yote inatoka nje, na kwamba mama yake mzazi ni mshamba.

Mafundisho ya mganga mmoja mwanamke

Mwaka 1933 mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi katika Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa mbaya wa watoto. Miguu inavimba, ngozi inabambuka, nywele zinageuka rangi, mtoto anakosa furaha. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina ambalo akina mama wa kabila la Ga walimfundisha: kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Sisi watu wa Kivu tunaujua sana ugonjwa huo. Kwetu unaitwa bwaki.

Hatusemi kwamba bwaki ililetwa na chupa. Inaletwa hasa na njaa na umaskini, mtoto akitolewa ziwani bila kupata chakula cha kujenga mwili. Lakini tazameni: wanawake wa Ga waliona kwa macho yao, na kuliweka katika jina, jambo ambalo waganga wengi hawakulijua bado. Walijua kwamba mtoto aliyeondolewa ziwani kabla ya wakati yumo hatarini. Ndilo jambo lile lile ambalo bibi zetu walilisema, wakaambiwa wanyamaze.

Mwaka 1939 Cicely Williams alikuwa Singapore. Aliona wanawake maskini wakishawishiwa kuacha ziwa na kununua kopo, na watoto wao wakifa. Akasimama mbele ya wakubwa wa mji akawaambia wazi kwamba ushawishi wa namna hiyo ni sawa na kuua, na wanaoufanya wastahili kuadhibiwa hivyo. Wengi walisikia, wachache walisikiliza.

Mama saba wa Marekani

Mtu angefikiri kwamba chupa iliwashinda watu maskini peke yao. Sivyo. Katika Marekani, nchi yenye mali nyingi, chupa ilitawala nyumba karibu zote. Mwaka 1946, katika kila watoto 100 waliotoka hospitali baada ya kuzaliwa, 38 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama tu. Mwaka 1956 walikuwa 21. Mwaka 1966 walikuwa 18.

Sababu zilikuwa nyingi. Mama alilazwa usingizi kwa dawa wakati wa kuzaa. Mtoto alipelekwa chumba kingine, akaletwa kwa mama kila baada ya saa nne kwa kufuata kengele. Maziwa ya mama yasiponyonywa hupungua. Kisha mama aliambiwa: wewe huna maziwa. Na akitaka kuuliza, amwulize nani? Mama yake mzazi naye alikuwa amelea kwa chupa. Uzi wa mafundisho ulikuwa umekatika.

Walakini palikuwa na mbegu njema katika Kanisa. Mwaka 1925 Padri Mbelgiji Joseph Cardijn, aliyefanywa kardinali mwaka 1965, alianzisha JOC, chama cha vijana Wakristo wafanyakazi. Chama hicho kilijulikana sana Kongo pia kabla ya uhuru. Cardijn aliwafundisha vijana mambo matatu: kuona, kupima, kutenda. Wakristo wa Chicago walilichukua fundisho hilo, na katika miaka ya 1940 likazaa huko chama kingine cha watu wa ndoa, kiitwacho Chama cha Jamaa za Kikristo. Watu wa ndoa walikutana nyumba kwa nyumba, wakasoma Injili, wakatazama shida za jirani, wakaamua la kufanya.

Majira ya joto ya mwaka 1956 jamaa za chama hicho zilikutana kwa karamu ya nje katika bustani ya Elmhurst, karibu na Chicago. Wanawake wawili, Bibi Mary White na Bibi Marian Tompson, walikaa chini ya mti wakinyonyesha watoto wao. Mama wengine wakawajia mmoja mmoja. Walisema: mimi nami nilitaka kunyonyesha, nikashindwa, ninyi mnafanyaje? Wale wawili wakaona kwamba mama hawa hawakukosa upendo wala maziwa. Walikosa mtu wa kuwaonyesha.

Basi waliita rafiki zao watano: Edwina Froehlich, aliyewahi kufanya kazi katika JOC ya Marekani, Mary Ann Cahill, Mary Ann Kerwin, Viola Lennon na Betty Wagner. Wote saba walikuwa Wakatoliki, mama wa nyumbani, wenye watoto wengi. Mary White mwenyewe alizaa watoto 11. Edwina alipata mtoto wake wa kwanza akiwa na miaka 36, na aliambiwa kwamba umri wake umepita, hataweza kunyonyesha. Aliweza. Tarehe 17 Oktoba 1956 mkutano wa kwanza ulifanyika nyumbani kwa Mary White, katika mji mdogo wa Franklin Park. Walikuja rafiki wachache wenye mimba. Mikutano iliyofuata nyumba ilijaa.

Jina la Bikira Maria

Chama chao kilihitaji jina, na hapo palikuwa na taabu. Siku hizo magazeti ya Marekani hayakupenda kuchapa neno ziwa la mama, waliona ni aibu. Mume wa Mary White, mganga Gregory White, ndiye aliyewapa shauri. Katika mji wa St. Augustine, jimbo la Florida, Wahispania walishuka tarehe 8 Septemba 1565, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, na padri wao akasoma Misa pwani. Baadaye mahali hapo pakajengwa kanisa dogo lenye sanamu ya Maria akimnyonyesha Mtoto Yesu. Wahispania walimwita Nuestra Señora de la Leche y Buen Parto, maana yake Bibi Yetu wa Maziwa na wa Kujifungua Vema. Mganga White alikuwa na desturi ya kuwapa wanawake wenye mimba medali ya mahali hapo. Basi chama kikaitwa La Leche League, yaani Chama cha Maziwa. Gazeti lingeweza kuchapa jina hilo bila kuona haya, na kwa jina hilo Bikira Maria aliingia hata katika nyumba za wasio Wakatoliki.

Hawakuwa wakienda kinyume cha mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1941 Baba Mtakatifu Pio XII, akisema na akina mama Wakatoliki wa Italia, alikuwa amewahimiza wanyonyeshe wenyewe watoto wao, isipokuwa haiwezekani kabisa.

Namna ya kazi yao

Chama hiki hakikuwa na majengo wala fedha. Mama waliketi sebuleni, watoto magotini, wakazungumza: faida za maziwa ya mama, namna ya kuzaa, shida za siku za kwanza, namna ya kumwachisha mtoto ziwa polepole. Kila mmoja alieleza yaliyompata. Waganga wawili rafiki zao, White na Herbert Ratner, walitoa msaada wa elimu. Akina baba nao waliitwa katika mkutano wao, kwa kuwa mume anayemcheka mkewe humwua moyo kuliko ugonjwa.

Mama aliyepata shida usiku, chuchu zikimwuma au mtoto akikataa kunyonya, alipiga simu, na mama mwenzake akamjibu. Barua zilianza kufika kutoka mbali. Mwaka 1958 waliandika mafundisho yao katika karatasi zilizofungwa pamoja, na mwaka 1963 zikawa kitabu kamili. Marian Tompson aliongoza chama miaka 24. Leo wana matawi katika nchi zaidi ya 80. Na katika Marekani yenyewe, ambako mwaka 1966 walikuwa 18 tu katika 100 walionyonya maziwa ya mama peke yake, sasa zaidi ya 80 katika 100 huanza kunyonyeshwa. Si kazi ya chama kimoja, waganga na serikali walifanya yao pia. Ila waliofungua mlango walikuwa wale mama saba.

Vita ya makopo

Wakati mama wa Marekani walipoanza kurudia ziwa, wenye viwanda walitafuta wanunuzi wengine katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Matangazo yalionyesha watoto wanene wakicheka. Wanawake waliovaa nguo nyeupe kama wauguzi waliingia materniti wakagawa makopo ya bure. Kopo la bure likiisha, maziwa ya mama yamekwisha kukauka, lazima anunue. Maskini aliongeza maji ili kopo lidumu, na maji yenyewe hayakuchemshwa.

Masista nao waliingia vitani. Mwaka 1976 Masista wa Damu Azizi wa Marekani, waliokuwa na hisa kidogo katika kampuni ya Bristol-Myers, waliishtaki kwa kutosema kweli juu ya uuzaji wa maziwa katika nchi maskini. Hawakushinda mbele ya hakimu, lakini mwishowe walipatana na kampuni, na habari ikaenea. Mwaka 1977 watu wengi wa Marekani waliacha kununua vitu vya Nestlé kwa sababu hiyo hiyo. Tarehe 21 Mei 1981, huko Geneva, mataifa yalipiga kura kuweka kanuni ya kukataza matangazo ya maziwa ya kopo kwa mama wa watoto wachanga. Nchi 118 zilikubali. Moja tu ilikataa, nayo ilikuwa Marekani.

Mama wa Kivu wanawafundisha waganga

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1970 wataalamu kutoka Ubelgiji walipima damu ya mama wanyonyeshaji wa Kivu. Walitafuta ile homoni iitwayo prolaktini, ambayo huleta maziwa na kuzuia mimba isirudi upesi. Mwaka 1977 walitangaza waliyoyaona: mama aliyenyonyesha zaidi ya mara sita mchana na usiku alikuwa bado na prolaktini nyingi hata baada ya mwaka mmoja. Kumbe kinachotawala ni mtoto mwenyewe, kwa kunyonya mara nyingi.

Ebu fikirini jambo hilo. Miaka 50 kabla yake Wabelgiji walikuja kuwafundisha mama wa Kongo waachishe mapema. Sasa Wabelgiji wengine wakaja kujifunza kwao. Mwaka 1988 wataalamu wa nchi nyingi walikutana Bellagio, Italia, wakakubaliana: mama anayemnyonyesha mtoto wake kwa maziwa yake tu, mchana na usiku, ambaye hajaona siku zake, na ambaye mtoto wake hajatimiza miezi sita, ana nafasi ndogo sana ya kuchukua mimba, chini ya 2 katika 100. Hivyo Mungu mwenyewe aliweka nafasi kati ya mtoto na mdogo wake.

Mwaka 1989 WHO na UNICEF ziliandika hatua kumi za kusaidia unyonyeshaji, na tangu mwaka 1991 hospitali zinazozifuata zilipewa cheti. Hatua ya kumi ilisema kwamba mama akitoka hospitali apelekwe kwa kikundi cha mama wenzake watakaomtegemeza. Yale yaliyofanyika sebuleni kwa Mary White yakawa sheria ya hospitali za dunia.

Kazi iliyobaki kwetu

Katika nchi yetu, uchunguzi wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto 36 katika 100 wenye umri chini ya miezi sita walinyonya maziwa ya mama tu. Uchunguzi wa 2013-2014 ulionyesha 48. Ni maendeleo, lakini wakati ule nusu ilikuwa bado haijafika. Kwetu kinachoharibu si kopo hasa, kwa maana wengi hawana fedha ya kulinunua. Ni kikombe cha maji. Mtoto akilia, watu husema: ana kiu. Akipewa maji yasiyo safi, anapata kuhara. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hata siku za jua kali.

Tena mama wetu wengi wamepoteza wasaidizi. Vita vimewafukuza vijijini, bibi amebaki mbali au amekufa, msichana anazaa mjini au kambini kati ya watu asiowajua. Siku ya tatu anachukua jembe au beseni la biashara. Tukimlaumu kwa kutonyonyesha vema, tunamwonea.

Mwaka 1995 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alisema kwamba mama anahitaji nafasi, maarifa na msaada ili aweze kunyonyesha. Kazi hiyo si yake peke yake. Basi tuanze katika shirika letu, ile jumuiya ndogo ya mtaa. Mwanamke akikaribia kuzaa, wateuliwe mama wawili waliokwisha kulea. Wamsindikize zahanati kupimwa mimba na kujifungua, wasimwache azae nyumbani gizani. Saa ile ile ya kwanza wamsaidie kumweka mtoto ziwani, wala wasiyamwage yale maziwa ya kwanza ya manjano, kwa maana ndiyo kinga ya mtoto. Wafike kwake kila siku juma la kwanza, wachote maji, wapike, wafue. Akiona homa, ziwa likivimba, au moyo ukimlemea akilia bila sababu, wampeleke upesi kwa mganga. Mama mwenye virusi vya UKIMWI naye afuate shauri la zahanati: akinywa dawa zake sawasawa, huweza kunyonyesha. Na yule asiyeweza kunyonyesha kabisa asichekwe wala asisemwe. Naye ni mama, tena anahitaji msaada kuliko wote.

Ninyi waume, kazi yenu ni kuleta chakula cha mzazi, maharagwe, mboga na samaki, na kumwacha apumzike. Ninyi mabibi wazee, msinyamaze tena. Mwaka huu katika kila shirika ulizeni: nani atazaa mwezi ujao, na nani atakwenda kwake?